Kufuli la Mtani

Nyumbani kwangu wananicheka. Siwezi kuosha blenda kabla sijachomoa waya wake kwenye soketi na kuuweka mapajani, na hata ukiwa mapajani bado naupapasa kama mtu anayehakikisha mtoto bado amelala. Mume wangu husema hiyo ni blenda ya juisi ya parachichi, si mtambo wa umeme wa Kinyerezi. Namwacha acheke. Yeye ni mwalimu wa jiografia, hatari kubwa kuliko zote kazini kwake ni vumbi la chaki. Nikishamaliza kuosha narudi kuutazama waya ule, najikasirikia kwa kurudi, kisha narudi tena.

Zamani sikuwa hivi. Nilikuwa mtu wa haraka, na haraka yangu nilijivunia. Mimi ni fundi mitambo katika kiwanda cha chakula cha kuku huku Temeke, upande wa Mbagala. Kiwanda chetu hukioni kwanza, unakinusa: dagaa, mashudu ya alizeti, pumba, mifupa iliyosagwa. Harufu hiyo ikishaingia kwenye nywele haitoki kwa sabuni wala kwa maombi. Jumapili kanisani, watu wa benchi langu wanajua nimefika kabla hawajageuza shingo.

Katikati ya kiwanda ipo mashine ya kuchanganyia. Sisi tunaiita tumbo. Ni hodhi refu la chuma lenye mdomo juu. Mtu anapanda ngazi, anashukia ndani, na mfupi kama mimi akisimama chini kabisa haoni nje. Ndani mna mhimili wenye mapanga yaliyojisokota kutoka mwanzo hadi mwisho, na sakafuni mna mlango wa kumwagia chakula, unaofunguka na kujifunga kwa nguvu ya hewa kutoka kwenye kompresa. Mapanga yale yakianza kuzunguka hayatofautishi pumba na mguu wa mtu. Mifupa huzilegeza nati za mapanga hayo, kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi mashine husimamishwa, na mafundi wawili huingia kuzikaza.

Mafundi wawili hao ni mimi na mzee mmoja wa Kizaramo, mzaliwa wa hapa hapa Temeke. Mimi Mnyamwezi wa Tabora. Kwa hiyo ni watani, na utani wetu ulikuwa hauna likizo. Kila asubuhi namwamkia shikamoo kwa adabu zote, maana ni sawa na baba yangu, na akishaitikia tu vita vinaanza.

"Marahaba. Nyie mmekuja mjini mmebeba mizigo kichwani, ndo maana mpaka leo shingo zenu fupi."

"Na nyie mmekaa hapa pwani mnatusubiri tuwaletee cha kula. Mpaka leo mnasubiri."

"Ukifa wewe, mie nalala kaburini mwako. Hawakuziki mpaka wanipe jogoo."

"Utamla mwenyewe huko huko chini."

Watu wageni kiwandani walikuwa wakitusikiliza wakidhani tunagombana kweli. Hawakujua kuwa nilipojifungua, mtu wa kwanza kufika hospitali nje ya ukoo wetu alikuwa yeye, na uji wa pilipili manga aliopikiwa na mkewe, akilalamika kuwa kitoto chenyewe kina shingo fupi.

Ofisi ilimleta dada mmoja wa usalama kuja kutufundisha. Alitupa kila fundi kufuli lake jekundu lenye ufunguo mmoja tu. Somo lake halikuwa refu. Kabla hujaingia tumboni unazima swichi kuu ya ukutani, unafunga hewa na kuitoa ile iliyobaki kwenye bomba, unaweka kufuli lako kwenye swichi, unabonyeza kitufe cha kuwashia uone kama kweli mashine imekufa, na ufunguo unautia mfukoni mwako. Mkiingia wawili, makufuli mawili. Haiwashwi mpaka kila mtu ametoka na kufungua la kwake kwa mkono wake mwenyewe. Tukapiga picha, tukanywa soda, akaenda zake.

Tuliifuata sheria ile, lakini tuliichanganya na adabu zetu. Swala ya Ijumaa haisubiri nati. Mtani wangu ilipofika saa yake alikuwa anatoka, anaoga, anavaa kanzu, anakwenda msikitini, na kufuli lake likibaki pale ukutani kiwanda kizima kingemngoja. Hakutaka kuwa mtu wa kungojwa. Basi akawa ananiachia ufunguo: "Shika amana yangu, mtani." Na mimi niliporudi kazini baada ya uzazi, nikawa natoka mchana kwenda kumnyonyesha mtoto, maana sheria ya kazi inaniruhusu, nikawa namwachia wa kwangu. Hatukukaa kikao kulijadili. Mtu akikukabidhi amana hukunji mkono. Pwani ni hivyo, na kwetu bara ni hivyo hivyo. Nasema kweli, nilikuwa naona raha kuwa na ufunguo wake mfukoni, ilikuwa heshima.

Sasa kuna Ijumaa moja ilinyesha mvua ya kutukana. Tulikuwa tumeingia tumboni wote wawili tangu asubuhi, na mifupa ya wiki ile ilikuwa imelegeza karibu kila kitu. Saa yangu ya kwenda kunyonyesha ilifika tukiwa tumebakiza panga la mwisho kule mbali. Mtani akaniambia niende tu, atamaliza mwenyewe, anataka mashine iwe inazunguka kabla ya adhana. Nikampa ufunguo wangu. Aliutia kwenye mfuko wa shati pamoja na tasbihi yake, kama siku zote.

Kwa kawaida nikitoka sirudi upesi. Nyumbani ni Rangi Tatu, na mvua ikinyesha njia yetu inageuka mto. Lakini nilipofika getini nilimkuta wifi yangu na mwavuli uliopinduka, mtoto yuko mgongoni mwake, mkavu, anashangaa magari. Wifi alikuwa ameona hali ya hewa akaamua kuniletea. Mlinzi akatupisha kwenye kibanda chake, nikanyonyesha, mtoto akasinzia, wifi akaondoka naye. Nikarudi ndani wakati ambao hakuna mtu kiwandani aliyenitarajia.

Tumboni hapakuwa na mtu. Ngazi ilikuwa bado imeegemezwa. Nikatazama ukutani: kufuli langu jekundu lilikuwa pale pale kwenye swichi, pembeni ya la mtani. Na nilivyoliona tu, moyo ukatulia. Kufuli langu lipo, basi mimi niko salama. Ufunguo uko wapi, kichwa hakikuuliza hata kidogo. Nilichotaka ni kuzigusa nati za panga lile la mwisho, maana siwezi kuacha kazi ya mtu mwingine bila kuigusa, hata ya fundi aliyenizidi miaka na ujuzi. Nikachukua spana yangu, nikapanda, nikashuka ndani.

Yeye alikuwa ameshamaliza. Baadaye tulikaa tukalipanga lile tukio hatua kwa hatua, na hakuna mahali alipokuwa mzembe. Alitoka, akachungulia ndani, akaona pako tupu, na kweli palikuwa patupu. Akaenda nyuma ya mashine kurudisha hewa, na alipokuwa kule nyuma mimi nikaingia kwa mbele.

Nilikuwa nimeinama nimeshika nati niliposikia bomba linapiga mluzi. Kisha mlango wa sakafuni ukajifunga chini ya miguu yangu, paa! Chuma kizima kikatetemeka mpaka kwenye meno yangu. Nilijua mara moja. Hewa imerudi, na kinachofuata baada ya hewa ni umeme. Anakwenda ukutani. Ana ufunguo wake na ana wa kwangu.

Nilipiga kelele. Kelele gani sijui, sidhani kama lilikuwa neno. Kiwandani kinu cha kusaga mifupa kilikuwa kinanguruma upande wa pili, na kelele za mtu aliye ndani ya hodhi la chuma zinarudi kwake mwenyewe. Kutoka nje nilihitaji kukanyaga mapanga, ndiyo ngazi pekee iliyopo mle ndani, na mguu wangu ulikataa. Niliuambia panda, ukakataa. Nikafikiria maziwa. Hilo silisahau: sikumfikiria Mungu, sikumfikiria mume, nilifikiri kuwa maziwa yamebaki upande wa kushoto na mtoto atayataka jioni.

Nikairusha spana juu, kwa nguvu zangu zote, ikatoka mdomoni mwa tumbo na kuanguka sakafuni upande wa ukutani.

Halafu sikusikia kitu. Kinu kule kinanguruma, hapa hakuna kitu. Nilipoona uso wake juu yangu, sikuutambua kwa sekunde kadhaa, ulivyokuwa umesinyaa. Mkono wake ulikuwa umekamata makufuli yote mawili, yamefunguliwa. Alininyooshea mkono mwingine, akanivuta, nikapanda, nikatoka. Chini alikaa juu ya gunia la mashudu akatoa ufunguo wangu, akauweka kwenye kiganja changu, akakikunja kiganja kwa vidole vyake. Adhana ikalia, hakuinuka. Sikuwahi kumwona akikosa Ijumaa kabla ya siku ile.

Mimi hofu yangu hugeuka hasira, na hasira yangu haikai chini. Wiki nzima niligombana na kila kitu: sufuria, mume, mvua. Usingizi ulikuja kwa vipande. Nilikuwa nikiwaza kufuli. Kama ningeikuta swichi haina kufuli langu ningeogopa na nisingeingia. Niliingia kwa sababu nililiona. Kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa mtu mwingine ni pambo tu, na mimi nililitegemea kama ukuta. Nikaapa: ufunguo wangu hautoki mwilini mwangu, na wa mtu mwingine siugusi.

Ijumaa iliyofuata tulikaza nati zetu kimya kimya. Saa yake ya kwenda swala ilipofika akatoa ufunguo wake, kwa mazoea tu nadhani, mkono ulikwenda wenyewe.

"Shika amana yangu, mtani."

"Sipokei."

Akatabasamu kidogo. Alidhani utani umerudi. "Shika bwana, nachelewa."

"Nimesema sipokei. Siwezi kutembea na roho yako mfukoni. Nenda nao."

Ningeweza kulisema vizuri zaidi. Ningeweza kumkalisha, nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, lakini nilikuwa nimeshalisema kwa sauti ile ya kumkatisha mtu maneno, mbele ya wapakiaji. Alibaki amenyoosha mkono. Ufunguo ulikuwa pale kwenye kiganja chake na hakuna wa kuuchukua.

"Umenikatalia amana," alisema. Hakuuliza. Aliutia mfukoni, akaenda.

Tangu siku hiyo utani ulikufa. Shikamoo, marahaba, basi. Nilimchokoza, "Leo hamjaletewa chakula, mbona mmenyong'onyea?" Akatikisa kichwa kama mtu anayefukuza inzi. Nikamtania kuhusu kanzu yake, kuhusu timu yake ya mpira, kuhusu Wazaramo wote waliowahi kuzaliwa, naye ananitazama kidogo tu, kisha anatazama tumbo, kisha anaendelea na kazi. Nikaamua amekasirika. Niliona ananihukumu: mtoto wa juzi, mtu wa kuja, amekataa amana ya mzee hadharani. Nami nikakasirika zaidi. Nilitaka kumwambia ni mimi niliyekuwa mle ndani, si wewe. Mwenye haki ya kununa ni mimi. Nilitamani mtani wangu arudi, tena nilimtamani vibaya, na kila siku nilikuwa nikitembea tembea kiwandani kutafuta kazi iliyo karibu na alipo yeye, nikiipata naikimbia.

Ijumaa zikapita hivyo. Akiondoka na ufunguo wake, kufuli linabaki, mashine inasimama, watu wanakula muhogo wa kukaanga, anarudi, anafungua, kazi inaendelea. Meneja wetu alinung'unika lakini alizoea.

Mpaka Ijumaa moja hakurudi. Swala ikaisha, tukawaona wengine waliokwenda msikiti ule ule wakirudi mmoja mmoja, yeye hayumo. Simu yake inaita kwenye kabati lake la nguo. Getini magari ya wafugaji yalikuwa yamepanga foleni, na mfugaji ambaye kuku wake wana njaa si mtu wa kumwambia subira. Meneja akaja. Ni kijana msomi, si mtu mbaya, lakini siku hiyo alikuja na mkasi mkubwa wa kukatia vyuma.

"Dada, nipishe nikate."

Nilikuwa nimeegemea swichi. Sikumbuki nilifika pale saa ngapi. "Hukati, bosi."

"Mzee yuko msikitini. Watu wote wamemwona akitoka."

"Na mie watu wote waliniona nikitoka."

Lile tukio alilisikia juu juu, kama lilivyomfikia kila mtu. Akaita mtu apande ngazi achungulie tumboni. Yule mtu akapanda, akachungulia, akasema hamna mtu, bosi.

"Umesikia? Hamna mtu."

"Nimesikia. Hukati."

"Sasa wewe unataka nini?"

Nilitaka nini? Nilijua kabisa hayumo. Nilikuwa na macho, nilikuwa nimemwona kwa macho hayo akipita getini na kanzu yake. Lakini mgongo wangu ulikuwa umebanwa na kufuli lake, nalisikia kwenye ubavu, na nikajua kwamba mkasi ule ukipita hapo mimi kazi hii siwezi tena. Nikamwambia, "Nataka alifungue mwenyewe. Kama ni kuandikiwa barua, niandikie." Machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa na huzuni yoyote, ni hasira tupu. Meneja akaweka mkasi chini, akaenda nje kuzungumza na wafugaji. Watu wakaketi juu ya magunia. Mimi sikukaa. Nilisimamia mguu mmoja, nikapumzisha mwingine, nikahesabu mabati ya paa nikapoteza hesabu, nikaanza tena.

Alitokea jua likiwa limeshalegea. Pindo la kanzu yake lilikuwa limejaa udongo mwekundu. Baada ya swala kulikuwa na jeneza, jirani yake, akaenda kuzika, angewezaje kutokwenda? Aliingia akakuta mashine zimenyamaza, watu kwenye magunia, mkasi sakafuni, na mimi ukutani. Alituangalia wote, akauangalia mkasi, akaniangalia mimi.

"Mtani wangu," alisema. Kwa wiki zote zile hakuwa ameniita hivyo.

Nikampisha. Akatoa ufunguo, akafungua kufuli lake, akalitia mfukoni. Langu nilishalifungua mapema. Kilichobaki kilikuwa kupandisha swichi, na mkono wangu ulikuwa umeshanyanyuka kufanya hivyo. Akanizuia. Akaliendea tumbo, akaishika kanzu yake kwa mkono mmoja, akapanda ngazi polepole, na akaingiza kichwa ndani.

"Mtani!" aliita. Sauti ilizunguka ndani ya chuma. "Mtani, umo?"

Kijana mmoja kwenye magunia akacheka, akanyamazishwa.

"Niko huku," nikamwambia. "Nyuma yako."

Hakugeuka. "Wewe sijakuita," akasema, na akaita tena kule ndani, "Umo?" akatega sikio, akangoja jibu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa amenuna hata siku moja. Mimi nilitoka mle kwa mkono wake, nikaenda nyumbani, nikagombana na sufuria. Yeye hajanitoa bado. Kila anapoifikia swichi ile mimi bado nimo ndani, na ufunguo wangu uko kwenye mfuko wa shati lake.

Nikaenda, nikapanda ngazi, nikajibana pembeni yake kwenye ngazi ile nyembamba, nikaingiza kichwa changu karibu na chake. Alinuka udongo wa kaburini na udi. Tukatazama wote chini: mapanga, pumba kidogo, mwanga kutoka kwenye tundu la nati.

"Hamna mtu, mtani," nikasema.

Akatazama kwa muda mrefu, upande huu, kisha upande ule.

"Haya," akasema. "Shuka kwanza wewe."